Nilivyompata bakteria mvumilia baridi kwenye udongo wa Kilimanjaro

Udongo niliuchota kwenye uwanda mkavu ulio kati ya vilele vya Kibo na Mawenzi, zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Huko mchana jua linachoma, usiku ardhi inaganda.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni kuachana na nyuzi 37 za Selsiasi. Maabara nyingi huotesha bakteria kwenye joto hilo kwa kuwa hushughulika zaidi na vimelea vya magonjwa, ilhali wengi wa viumbe wa baridi hawaoti hapo. Sahani zangu za kuoteshea bakteria wa udongo huo nilizifunga kwa nailoni zisikauke, nikaziweka kwenye friji, nyuzi 4, nikawa na subira.

Agari, yaani ute mgumu wanamoota bakteria, niliichanganya na maziwa ya unga yasiyo na mafuta, kwa hiyo sahani nzima ilikuwa nyeupe. Bakteria anayetoa kimeng'enya cha kuvunja protini huila kaseini, protini ya maziwa, na pembeni yake weupe hutoweka. Makoloni mengi, yaani vidoa vya bakteria walioota pamoja, hayakuonyesha chochote. Moja, la rangi ya krimu, lilizungukwa na duara pana kuliko lenyewe. Nilipoiinua sahani dirishani, kupitia duara lile niliona matawi ya mti wa nje. Nilifurahi mno! Wengi wetu tunafua kwa maji ya baridi, na sabuni yenye kimeng'enya kinachofanya kazi bila maji kupashwa moto ingetufaa sana.

Kumpa jina ndiko kulikonichosha. Alistawi zaidi kwenye nyuzi 25, hivyo ni mvumilia baridi. Mpenda baridi halisi hustawi kwenye nyuzi 15 au chini yake, na haoti juu ya nyuzi 20 hivi. Watu huwachanganya hawa wawili, na si sawa. Rangi ya Gram, ambayo hugawa bakteria kuwa chanya au hasi kulingana na ukuta wa seli, ilionyesha kuwa ni hasi na ana umbo la kijiti. Jeni ya 16S, inayotumika sana kutambua bakteria na yenye herufi za DNA kama 1,500, ilimweka kwenye jenasi ya Pseudomonas, lakini ikafanana kwa zaidi ya asilimia 99 na spishi kadhaa kwa mpigo. Kwa jenasi hii 16S peke yake haitoshi, nikaongeza jeni nyingine mbili, gyrB na rpoD. Zikamsogeza kwenye kundi la Pseudomonas fluorescens.

Kinachofuata ni kusoma jenomu nzima, yaani DNA yake yote. Ikifanana na za jamaa zake wote kwa chini ya asilimia 95, nitadai spishi mpya. Hadi hapo, vichupa vyake vya gliseroli vilivyogandishwa kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri vimeandikwa Pseudomonas sp., yaani spishi ya Pseudomonas ambayo bado haijatajwa.