Nilivyorekodi podikasti na mtu aliyetoka jela, na ushauri ulionipotosha

Watu watatu wenye uzoefu wa redio waliniambia neno moja: mtu aliyetoka jela muulize kosa kwanza, maana msikilizaji anataka kisa. Niliwafuata, na nusura nimpoteze msimulizi wangu. Hadi leo ushauri ule unaniuma.

Kaka huyo alikaa ndani miaka 11, na tulipokutana alikuwa uraiani kwa mwezi wa nane sasa. Nilimkalisha mezani tukitazamana, karatasi ya maswali mbele yangu, maikrofoni katikati. Swali la kwanza: ulifanya nini? Sauti yake ikabadilika pale pale. Akaweka viganja vyote viwili juu ya meza, vidole wazi, akaanza kujibu kwa tarehe, saa na mahali, kama mtu aliye kizimbani. Tulirekodi dakika 40 na hakuna hata moja iliyofaa. Mwisho akaniambia kwa upole, "Mdogo wangu, maswali haya nilishayajibu. Niliyajibu, nikafungwa."

Akachukua kofia yake, akafika mlangoni, akasimama. Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Alikuwa anasubiri mtu amfungulie. Niliinuka nikafungua, na sikulala vizuri usiku ule.

Wiki iliyofuata nilirudi kusikiliza Ear Hustle, podikasti iliyoanza mwaka 2017 ndani ya gereza la San Quentin, California. Waanzilishi wake ni pamoja na Earlonne Woods, aliyekuwa mfungwa humo, na msanii Nigel Poor, aliyekuwa akijitolea gerezani. Safari hii nilisikiliza kama fundi anayetazama kazi ya fundi mwenzake. Kipindi chao cha kwanza kabisa kilihusu watu wanaochangia seli: unaishi vipi na mtu usiyemchagua, mahali ambapo mkinyoosha mikono mnagusana? Mtu anaanza na maisha yake, na kosa likija, linakuja na mtu kamili nyuma yake.

Nikampigia, nikaomba radhi. Nilishukuru alipokubali.

Mara ya pili hakukuwa na meza. Tuliketi sakafuni bega kwa bega, migongo kwenye godoro, mablanketi yametundikwa ukutani kuzuia mwangwi (kwangu yalitosha, bila vifaa vya bei mbaya nilivyoshauriwa kununua). Simu ya kurekodia nikampa yeye. Kitufe chekundu, nikamwambia, ni chako. Ukitaka kuzima, zima, usiniombe ruhusa. Kisha nikauliza: nani alikuwa analala jirani yako?

Akacheka! Kumbe alikuwapo mzee mmoja aliyekunja blanketi lake kila alfajiri kabla ya wafungwa kuhesabiwa, pembe kwa pembe, na asiyeweza kuongea na mtu mpaka amalize. Nyapara alimwogopa. Kaka akaeleza walivyogawana sabuni kwa kuikata kwa uzi. Alizima mara nne. Mara ya tano akaiacha, akasema mwenyewe, "Ile siku mlangoni kwako uliniona, eh? Miaka 11 sikushika kitasa." Kosa lenyewe alilisimulia bila kuulizwa, karibu na dakika ya 50, na alianza na mtu ambaye yeye alimuumiza.

Jina la mtu yule tuliliondoa. Naye ana ndugu, na ndugu wana masikio.

Kule San Quentin, kila kipindi kilipitiwa kwanza na ofisa wa gereza ndipo kiruke hewani. Mimi niliamua mpitiaji awe kaka mwenyewe. Alisikiliza yote, akataka sehemu ya mama yake itoke. Ilikuwa sehemu nzuri kuliko zote. Nikaikata siku hiyo hiyo. Muziki sikuweka; badala yake rekodini dakika moja ya ukimya wa chumba, itawasaidia kuunganisha vipande.

Woods alipunguziwa kifungo na gavana Jerry Brown mwaka 2018, akatoka, akaendelea kutangaza akiwa nje. Nilimsimulia kaka habari hiyo huku tukikunja mablanketi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema anamjua kijana aliyetoka mwezi uliopita na ambaye hataki kuongea na mtu.

Kipindi cha pili amekifanya yeye. Mimi nilishika simu tu. Alimkalisha kijana bega kwa bega, akamkabidhi kitufe, akamuuliza nani alikuwa analala jirani yake.