Nilivyoirudisha Impreza yangu kwenye buluu yake kabla ya kuiuza

Impreza WRX, gari la michezo la Subaru, niliyoinunua hapa Mombasa ilikuwa nyeusi, lakini kibao kidogo chini ya boneti kiliandikwa namba ya rangi ya kiwandani, 02C. Wanaoyajua magari haya hawahitaji maelezo: hiyo ndiyo buluu ya Subaru za mbio, inayopendwa sana na sisi tuliokua na Safari Rally. Mwenye gari wa awali aliipiga nyeusi nje tu. Ukifungua mlango, fremu ni buluu. Ndiyo maana niliipata kwa bei nafuu.

Nilipotaka kuiuza, kila mteja alianzia hapohapo. Gari la familia likibadilishwa rangi, watu huangalia tu kama kazi ni safi. Gari la michezo huulizwa liligonga wapi. Dalali mmoja wa Tudor alikuja na kipima unene wa rangi. Rangi ya kiwandani huwa maikroni 100 hadi 150 hivi. Kwenye madigadi ya nyuma yeye alisoma zaidi ya 300.

"Ndugu yangu, hapa ama pana pati ya kuziba mabonyeo, ama ni rangi juu ya rangi. Mimi nitajuaje?"

Swali lake lilikuwa la haki kabisa, na nikaamua kulijibu kwa vitendo. Fundi wangu wa Changamwe, mzee makini sana, alikataa katakata kupiga buluu juu ya nyeusi. Taa, vishikio na mipira ya vioo vilifunguliwa vyote, rangi ikavuliwa mpaka bati. Nilipiga picha kila upande ukiwa mtupu, maana hapo gari halifichi kitu: pati hakuna, alama ya kuchomelewa hakuna. Praima, yaani rangi ya msingi, ilipigwa siku hiyohiyo, kwani kwa chumvi ya hewa yetu bati halifai kulala wazi.

02C ina chembe za maika, madini yanayometameta, na mng'ao wake hufuata mkono wa mpigaji. Mzee alijaribu kwanza kwenye kipande cha bati, tukakisogeza juani kando ya fremu ya mlango. Kilielekea zambarau.

"Subiri kwanza, mwanangu," akasema, akarudi kuchanganya.

Siku za mvua hakugusa bunduki ya rangi, kwa kuwa unyevu huifanya klia, tabaka la juu linalong'aa, iingie ukungu.

Kisha nikapeleka mabadiliko NTSA, mamlaka ya usafiri, gari likakaguliwa, na logibuku iliyosema nyeusi ikatoka upya ikisema buluu. Wengi huiruka hatua hii. Kwangu mimi ni muhimu sawa na rangi yenyewe, maana hakuna mnunuzi makini atakayelipia gari lisilofanana na karatasi zake.

Gharama ya rangi haikurudi yote, lakini gari liliuzika kwa bei ya WRX nyingine za umri wake. Kijana wa Kisauni aliyelichukua alizikagua picha za bati moja moja, akalinganisha fremu na mlango, kisha akaomba apunguziwe kwa sababu ya tairi tu.