Mvumo wa Nyuma ya Pikapu na Kona za Kitonga

Iringa, Jumapili usiku

Kwa wiki tatu nimeendesha pikapu yangu redio ikiwa imezimwa. Mvumo ulianza siku niliyokuwa nikitoka Ruaha Mbuyuni na magunia ya vitunguu, na mwanzoni nilidhani ni lami iliyochakaa. Gari likifika kilomita 40 kwa saa ulisikika kama mashine ya kusaga mahindi iliyo mtaa wa pili. Likifika 60, ulijaa kabini nzima. Binti yangu, aliyekuwa ameketi kushoto kwangu, aliniuliza, "Mama, hilo ni gari letu au kuna lori linatufuata?" Nikatazama kioo, na nyuma yetu barabara ilikuwa tupu.

Niliogopa, na ninaandika hivyo bila kuficha. Kwenye ekseli ya nyuma ya aina hii gurudumu hufungwa kwenye shafti yenyewe, na beringi iliyo mwishoni mwa shafti ndiyo inayobeba uzito na kuizuia shafti isichomoke. Beringi hiyo ikisagika kabisa, gurudumu linaweza kutoka likiwa na shafti yake, na mimi hupita Kitonga, mlima wenye kona kali, kila wiki nikiwa na mali za watu na mara nyingi na mwanangu.

Fundi wa kwanza aliendesha mita chache, akarudi na kusema kuwa difu, yaani kisanduku cha gia kilicho katikati ya ekseli ya nyuma, imekufa, na kwamba ninunue nyingine nzima ya mtumba. Sikuweza kumwambia kuwa amekosea, kwa sababu difu iliyochoka huvuma kweli. Lakini bei aliyoitaja ilikuwa sawa na ada ya shule ya muhula mzima, nami sikuona sababu ya kung'oa kitu ambacho hakuna mtu aliyekwisha kukipima. Nikaamua kwanza kuisikiliza sauti yenyewe, na kuandika kila nilichosikia katika daftari ninaloandikia hesabu za vitunguu.

Matairi niliyamaliza haraka. Tairi lililolika vibaya huvuma vilevile kama beringi, kwa hiyo niliyahamisha ya nyuma mbele na ya mbele nyuma. Mvumo haukuhama, wala haukubadilika nilipotoka kwenye lami laini kuingia kwenye lami ya kokoto. Kisha, kwenye kipande tambarare cha barabara kisicho na magari (kamwe si mlimani, ambako gari lisiloshikwa na gia ni hatari), nilitoa gia na kuliacha gari litembee lenyewe. Injini ikashuka hadi mzunguko wa kusimama, lakini mvumo ukabaki palepale, ukipungua pole pole kadiri gari lilivyopungua mwendo. Hapo nilijua kuwa injini na klachi hazihusiki, na kwamba nitafute katika vitu vinavyozunguka kwa kufuata magurudumu: propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma kwenye difu), difu, na beringi mbili za ekseli.

Usiku mmoja niliketi na daftari nikapiga hesabu. Tairi langu hutembea takriban mita 2.3 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa gurudumu huzunguka karibu mara 7 kwa sekunde. Uwiano wa difu yangu ni 4.1, maana yake piniani (gia ndogo ya difu inayozungushwa na propela) na propela huzunguka karibu mara 30 katika sekunde hiyohiyo. Kilichoharibika kwenye piniani aghalabu hulia kwa sauti nyembamba ya juu, na sauti niliyokuwa nikiisikia ilikuwa nzito na ya chini. Hesabu hiyo haikuwa ushahidi kamili, ila ilinipa moyo wa kuendelea.

Ushahidi niliupata Kitonga. Nilichoma mafuta ya safari nzima bila mzigo wowote, na sijutii hata lita moja. Gari linapopanda, meno ya piniani husukuma upande mmoja wa meno ya kraunwili, gia kubwa ya difu. Linapoteremka likizuiwa na injini, meno hayo huegemea upande wa pili. Piniani mbovu kwa kawaida hubadilisha sauti kati ya hali hizo mbili. Nilipanda na kuteremka kwa gia ya 3 na mwendo uleule, na sauti haikubadilika kwa kupanda wala kwa kuteremka. Ilibadilika kwenye kona. Kila kona ya kushoto iliuongeza mvumo, na kila kona ya kulia iliupunguza hadi ukakaribia kunyamaza. Gari likikata kushoto, uzito wake hulalia magurudumu ya kulia. Kwa hiyo mgonjwa alikuwa kulia, ingawa mimi na binti yangu tungeapa kuwa sauti inatoka kushoto, na ingawa nilikuwa nimekwisha kuulizia bei ya beringi ya kushoto. Kupapasa drumu hakukunisaidia kitu, kwa kuwa breki zilikuwa zimezipasha moto zote mbili.

Siku iliyofuata nilimpelekea daftari fundi mzee wa Ipogoro. "Kamwene, mama," alinisalimu, akasoma kurasa zangu akiwa amesimama, kisha akakingamiza mawe kwenye magurudumu ya mbele, akainua nyuma na kuiweka juu ya stendi. Alilizungusha gurudumu kwa mkono, huku ncha ya bisibisi ndefu ikiwa imegusa bamba la breki na mpini ukiwa sikioni mwake. Akanipa na mimi nisikilize. Kushoto nilisikia mteremko laini, kama maji ndani ya bomba. Kulia nilisikia kokoto.

"Chuma husafirisha sauti, mama," alisema. "Bomba la ekseli ni moja. Wengi hufungua upande usio wake."

Drumu ilipotoka, harufu kali ya oili ya difu ilitupiga puani, na breki zilikuwa nyeusi na zimelowa. Alifungua nati nne, akaichomoa shafti pamoja na beringi yake. Niliizungusha beringi kwa vidole: grisi ilikuwa imegeuka uji mwembamba wa kahawia, na kwenye njia ya gololi kulikuwa na vijishimo vingi, kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Oili ya difu yenyewe ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Alichovya sumaku ndani yake, ikatoka na unga laini tu bila kipande cha chuma. Difu ilikuwa nzima.

Chanzo kilikuwa juu ya ekseli, kwenye kipumulio kidogo, tundu la kupitishia hewa, kilichozibwa na tope. Wakati wa masika nilivuka mto uliofika katikati ya magurudumu, nikiwa nimetoka kutembea mwendo mrefu. Ekseli yenye moto ikizama ghafla kwenye maji ya baridi, hewa iliyo ndani hunywea; ikikosa pa kuingilia, maji huvutwa kupitia kwenye sili, mipira inayozuia oili isivuje. Ekseli ikipata joto tena, hewa hutanuka na kuisukuma oili nje kupitia sili hizohizo. Oili ndiyo iliyoiosha grisi ya beringi yangu.

Pete inayoishikilia beringi ilikatwa kwa grenda na tindo, beringi mpya ikaingizwa kwa presi, na tukaweka sili mpya pande zote mbili, breki mpya, na oili mpya ya difu, namba 90 ya daraja la GL-5. Niliomba na beringi ya kushoto ibadilishwe. Alikataa, akasema kuwa beringi nzima ikishang'olewa hairudi, na kwamba hiyo haijalia. Nilimkubalia.

Leo nimeteremka Kitonga na binti yangu, madirisha yakiwa wazi. Kwenye kona ya kwanza ya kushoto nilijikuta nimebana pumzi. Nilichosikia ni kamba ya turubai ikipiga bodi. Nimeandika kilomita za leo kwenye daftari. Zikiongezeka 500 nitafungua boli ya oili niitazame rangi yake, kwa maana maji yaliyolala ndani ya bomba la ekseli huenda hayakutoka yote mara moja.