Baba aliambiwa ana presha ya macho, akaenda kupimwa mkono

Kichupa nilikikuta kwenye kabati la vyombo nyumbani Old Moshi, nyuma ya kopo la majani ya chai. Dawa ilikuwa imekwisha zamani na kifuniko kimegandia. Nilipomuuliza Baba, alijibu bila wasiwasi: "Hicho cha presha ya macho. Nilipewa na wale madaktari waliokuja kutupima kanisani. Kilipokwisha nikashuka zahanati, wakanipima presha, wakasema iko vizuri. Nikajua nimepona."

Zahanati walimfunga kile kitambaa cha mkononi. Presha ya damu yake ilikuwa nzuri kweli, na bado ni nzuri. Ila miaka minne baada ya siku ile jicho lake la kulia halikuona hata mwanga wa tochi.

Jina hili limetuponza. Glakoma tumeiita presha ya macho, na kila anayelisikia anawaza chumvi, moyo na vidonge vya asubuhi. Ni vitu viwili tofauti. Mtu anaweza kuwa na 120 kwa 80 mkononi huku jicho likiteketea kimyakimya.

Baba mwenyewe alielewa siku nilipomweleza kwa mfereji. Amezibua mifereji ya kihamba, shamba letu la nyumbani, tangu utoto, kwa hiyo hapo hakuhitaji mwalimu. Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa saa zote, na hayo si machozi. Yanaingia, yanazunguka, kisha yanatoka kwa njia nyembamba iliyo pembeni, pale sehemu nyeusi inapokutana na nyeupe. Njia ikianza kuziba, maji yanaendelea kuingia, na msukumo unapanda. Kwa kawaida kipimo cha msukumo huo huwa kati ya 10 na 21. Unaoumia ni mshipa wa fahamu ulio nyuma ya jicho, wenye nyuzi zaidi ya milioni moja zinazopeleka picha kwenye ubongo. Nyuzi zikifa hazioti tena. Wapo pia ambao mshipa wao unaumia hata kwa msukumo wa kawaida, ndiyo maana daktari hatosheki na kipimo kimoja. Lazima auangalie mshipa wenyewe.

"Sasa mbona sikusikia maumivu?" aliniuliza. Aina hii iliyo ya kawaida kwetu haiumi. Inaanza kula pembeni, na ubongo unajazia palipopungua, hivyo huoni giza lolote. Nikikumbuka nyuma, dalili tulikuwa nazo mezani. Alikuwa akigonga kikombe cha chai kilichowekwa kuliani kwake. Aligonga bega kwenye mlango. Mara mbili alitumbukia mferejini kwenye njia aliyoipita miaka sitini, na sisi tukasema uzee. Leo jicho la kushoto linaona kama mtoto anayechungulia kwenye bua la mpapai: uso wako anauona vizuri, mkono unaompa hauoni.

Jicho hilo walilifanyia upasuaji, wa kufungua njia mpya ya maji chini ya kope la juu. Daktari alimwambia wazi: "Mzee, hutaona zaidi ya unavyoona leo. Tunalinda kilichobaki." Baba alitaka kushuka kitandani. Kwa nini mtu apasuliwe asione tofauti? Nilimwelewa, kwa sababu mwenye mtoto wa jicho aliyelala kitanda cha pili alifunguliwa bandeji asubuhi akamtambua mjukuu wake. Mtoto wa jicho ni ukungu kwenye lenzi, lenzi inabadilishwa. Glakoma haina zawadi ya namna hiyo, na nadhani ndiyo sababu watu wengi wanaacha matone. Unatia kila siku, hela inatoka, na dawa ikifanya kazi vizuri kabisa hutahisi kitu.

Kisha daktari akanigeukia. "Wewe ni mtoto wake wa kuzaa? Una miaka mingapi?" Nilikuwa na 44. Akanipima: jicho langu la kulia 27, la kushoto 24, na mshipa wa kulia umeshaanza kuchimbika. Nilikuwa nasoma maandishi madogo bila miwani.

Nina pumu, kwa hiyo timololi, tone la bei nafuu ambalo wengi huanzishiwa, halinifai. Linaweza kubana kifua. Ukiwa na pumu au mapigo ya moyo ya polepole, sema kabla hujaandikiwa chochote. Mimi natia latanoprosti, tone moja saa tatu usiku. Kichupa kisichofunguliwa nakaa nacho kwenye friji, nikishakifungua naandika tarehe juu yake. Nesi alinifundisha jambo ambalo Baba hakufundishwa: ukishatia, fumba jicho, bana kona ya upande wa pua kwa dakika mbili, ili dawa isikimbilie kooni.

Baadaye niliuliza kuhusu leza, matibabu ya mwanga. Hapa Moshi, hospitali ya KCMC, ulifanyika utafiti wa wagonjwa 201, matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Walilinganisha timololi na leza inayopigwa kwenye ile njia ya maji. Baada ya mwaka mmoja, macho ambayo msukumo wake ulishuka hadi lengo kwa matone yalikuwa 31 kati ya 100, kwa leza 61. Nilipigwa jicho la kulia: nikaketi kwenye mashine, kilenzi juu ya jicho, mimweko ya kijani kwa dakika chache, nikarudi nyumbani kwa miguu yangu. Nguvu yake hupungua baada ya miaka, inaweza kurudiwa. Kipimo changu kikashuka hadi 17.

Na tafadhali, macho yakiwasha usiende duka la dawa kuomba "kile cha macho mekundu". Baadhi ya vichupa hivyo vina deksamethasoni au dawa za jamii hiyo, na ukivitumia mfululizo vinaweza kupandisha msukumo wa jicho. Mama mdogo alivitumia mwaka mzima.

Tuko watano kwa Baba. Mtoto au ndugu wa tumbo moja wa mwenye glakoma yuko hatarini kuliko wengine, na sisi Waafrika tunaipata mapema na kwa ukali. Krismasi iliyopita wote walipanda kutoka Dar na Arusha, mbuzi akaliwa, waliokwenda kupimwa ni mmoja. Kaka mkubwa, dereva wa lori, alisema anaona hadi nzi ukutani. Mwaka huu nimeshaongea na kliniki, tarehe 27 Desemba saa mbili asubuhi, majina ya waliobaki yameandikwa, na Baba amesema atampeleka mwenyewe huyo dereva, amemshika mkono.