Masanduku Mawili ya Mulombwa

Ufa ule niliuona mimi kwanza. Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi moja ya Julai 2012, nilipofunua turubai lililofunika masanduku yetu mawili chini ya mwembe, katika kiwanja cha nyumba ya rafiki yangu huko Katuba, kiwanja ambacho sisi watu wa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, huita lupango. Ulianzia ukingoni mwa kifuniko kimoja, ukafuata nyuzi za ubao hadi karibu na katikati, na upana wake ulitosha kuingiza ukucha. Nilirudisha turubai polepole kama mtu anayemfunika mgonjwa, nikaenda kunywa chai.

Rafiki yangu na mimi tumepewa jina moja, na kwa desturi ya kwetu watu wa namna hiyo hawaitani kwa jina lenyewe. Kila mmoja humwita mwenzake «majina». Yeye alikuwa seremala aliyesomea katika shule ya ufundi ya Wasalesiani, na mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kazi ambayo iliniachia alasiri zangu zote lakini haikuniachia fedha za kuzitumia. Tulianza masanduku hayo Novemba 2011, mvua zilipokuwa zimeanza na kuta za mji zimejaa picha za wagombea wa uchaguzi. Moja lilikuwa la dada yake mdogo, aliyetarajiwa kuolewa Agosti iliyofuata. La pili lilikuwa la mama yangu, ambaye kwa miaka mingi alihifadhi bikwembe vyake, yaani vitenge, katika sanduku la bati lililokwisha kushika kutu, hata nguo za chini zikawa na madoa ya rangi ya chai yasiyotoka kwa sabuni yoyote.

Mbao zilikuwa za mulombwa, mti ambao ndugu zetu wa Tanzania huuita mninga. Mtu akiukata ukiwa mbichi, hutoa utomvu mwekundu unaofanana kabisa na damu, na mbao zake zikipigwa randa huonyesha rangi ya kahawia yenye dhahabu ndani yake, ingawa vumbi lake huwasha pua hata mtu akapiga chafya mfululizo. Tulizinunua karibu na soko la Kenya, namaanisha Kenya yetu, mtaa wa Lubumbashi, kwa mtu aliyetuapia kwamba zilikuwa zimekauka mwaka mzima. Rafiki yangu alizigonga kwa kidole, akasikiliza, akanitazama. Mimi ndiye niliyekuwa na haraka, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika fedha. Kwa hiyo tulizinunua.

Umeme ulikuwa ukikatika mara nyingi, na wala hatukuwa na mashine, hivyo kila kitu kilifanywa kwa mkono. Pembe za masanduku hatukuzipiga misumari. Alichora kwa penseli meno mapana kwenye ncha na membamba kwenye shina, akayakata kwa msumeno mdogo, akachimba nafasi zake kwa patasi kwenye ubao wa pili, kisha akavifumanisha vipande hivyo kwa nyundo ya mbao, na hapo pembe haikuweza tena kuvutwa upande mmoja hata bila gundi. Walimu wake waliita kiungo hicho, kwa Kifaransa, jina lenye maana ya mkia wa mbayuwayu. Pembe yangu ya kwanza ilinichukua Jumamosi tatu, na ilikuwa na nyufa ambazo kunguni wangeweza kufanyia mkutano. Aliigeuza ikaangalia nyuma, mahali panapoegemea ukuta, na hakusema neno. Kwa kuwa hatukuwa na vibano vya chuma, tulikata mipira ya ndani ya matairi kuwa kanda ndefu, tukaizungushia mbao zilizopakwa gundi huku tukiivuta kwa nguvu zetu zote, na kufikia asubuhi kiungo kilikuwa kimeshikana vizuri kuliko nilivyotarajia.

Jambo lililotuchosha kuliko kazi yenyewe lilikuwa maswali ya wapita njia. Katika Kiswahili cha Lubumbashi sanduku ni chombo cha kuwekea nguo, na pia ni jeneza. Mtu aliyetuona tukipiga randa mbao ndefu nyekundu alisimama kwenye uzio, akavua kofia, akauliza kwa sauti ya chini, «Ni sanduku ya nani?» Rafiki yangu alijibu kwamba ni ya dada yake, na hapo pole zilianza kumiminika kabla hajapata nafasi ya kuongeza kwamba dada yake yuko jikoni anakaanga samaki. Hata baba mmoja wa kanisani alileta mchango wa matanga. Tuliurudisha, ingawa nakiri kwamba mazungumzo kati yetu kabla ya kuurudisha hayakuwa mafupi.

Kufikia Mei mvua zilikuwa zimekoma na masanduku yalikuwa yamesimama. Vifuniko tulivitengeneza kwa mbao tatu zilizounganishwa ubavu kwa ubavu, zenye upana wa sentimita 52 kwa jumla, na kwa ndani tukavikaza kwa vibao viwili vya kukingama, tukavipaka gundi mwanzo hadi mwisho na kuvitia skrubu. Nilikuwa najivunia vibao hivyo, kwa sababu ni mimi niliyependekeza gundi ipakwe kote. Rafiki yangu alikuwa na homa siku hiyo, naye aliniachia.

Yeyote aliyewahi kukaa Lubumbashi anajua kiangazi chake. Kuanzia Mei hadi Septemba tone halianguki, asubuhi za Juni na Julai huwa baridi hata watoto huenda shule wamejifunika taulo, midomo hupasuka, na vumbi jekundu huingia hadi kwenye mkate. Mbao nazo hupasuka, au tuseme hupungua: ubao unapopoteza maji husinyaa katika upana wake, lakini katika urefu wa nyuzi zake hausinyai kiasi cha kuonekana. Mbao tatu za kifuniko zilitaka kusinyaa. Vibao vya kukingama, ambavyo nyuzi zake zilikatiza zile za kifuniko, havikutaka, na gundi yangu haikuruhusu upande wowote usogee. Kitu kimoja kililazimika kuachia. Mulombwa una sifa ya kutulia kuliko miti mingi, na tuliitegemea sana sifa hiyo. Lakini sifa hiyo ni ya mbao iliyokwisha kukauka, na zile zetu zilikuwa zimekauka katika kiapo cha muuzaji tu.

Hayo yote niliyaelewa baadaye. Asubuhi ile nilielewa jambo moja tu, kwamba sanduku lililopasuka lilikuwa la bibi harusi, kwamba zilibaki wiki tatu, na kwamba rafiki yangu alikuwa Likasi kwa siku nne kufunga milango ya mtu. Jioni nilikusanya unga wa msumeno wa mulombwa, nikauchanganya na gundi hadi ukawa kama ugali mlaini, nikaujaza ndani ya ufa kwa kisu cha mezani, na kesho yake nikapiga msasa mpaka kidole hakikuhisi kitu. Kwa macho yangu ulikuwa umetoweka. Siwezi kusema kwamba nilikusudia kumficha. Lakini alipoteremka kwenye basi la Likasi nami nikaenda kumpokea, tulizungumza juu ya bei ya mafuta, juu ya mpira, juu ya baridi, na juu ya kifuniko sikusema lolote.

Alikuwa na mazoea ya kulowesha kitambaa na kufuta mbao kabla ya vanishi, kwa sababu maji huinua nyuzi zilizolala na kuonyesha mikwaruzo iliyoachwa na msasa. Alifuta kifuniko. Mulombwa ulilowa ukawa na rangi ya asali iliyoiva, na katikati ya rangi hiyo ukatokea mstari mweupe, mnyoofu, unaong'aa, kwa maana gundi hainywi maji kama mti. Aliutazama kwa muda mrefu.

«Majina, hii ni dawa ya nani?»

«Ni yangu.»

«Na ulikuwa utaniambia siku gani?»

Sikujibu. Nilitegemea atanigombeza, na naamini ningefarijika. Badala yake alikwenda ndani, akarudi na bisibisi na patasi, akaketi chini, akaanza kung'oa vibao vya kukingama. Skrubu zilitoka, gundi haikutoka, na ilimbidi aivunje kidogo kidogo kwa patasi, kila kipande kikitoka na ngozi ya kifuniko. Nilimwambia kwamba hakuna mtu angeona, kwamba vanishi ingefunika, kwamba dada yake angeweka kitambaa cha mezani juu yake. Alinijibu bila kuinua kichwa kwamba ufa haukuwa umekwisha kufunguka, na kwamba mwezi wa kumi, joto likizidi na mvua bado hazijaja, ungefika hadi upande wa pili, tena ukiwa ndani ya nyumba ya wakwe.

Kabla ya kuunganisha upya alipeleka kipande kimoja kwa mama muuza maharagwe aliyekuwa na mizani, akakipima, akakipima tena baada ya siku tatu, na tena baada ya siku tatu nyingine, hadi uzito ulipoacha kupungua. Mama yule hakuuliza chochote, lakini naona alituweka katika kundi la watu wa kuombewa. Kisha tulinyoosha kingo kwa randa na kuziunganisha. Kifuniko kilikuwa kimepoteza karibu sentimita moja na nusu, kwa hiyo tulipachika katikati ya mbao utepe mwembamba tuliouchonga kutoka kwenye mguu wa kitanda kuukuu cha mulombwa, kitanda alichozaliwa juu yake yeye na dada yake. Utepe huo ulikuwa mweusi zaidi kuliko mbao zilizouzunguka, na nilipopendekeza tuupake rangi aliniangalia kwa namna iliyonifanya niondoke kwenda kutafuta maji. Safari hii vibao vya kukingama havikupakwa gundi hata tone. Skrubu moja ilikazwa katikati, na zile za pembeni zilipitishwa katika matundu marefu kama punje za mpunga, ili mbao iweze kwenda na kurudi chini yake kwa majira.

Vanishi tuliipaka alfajiri, baada ya kunyunyiza maji uani ili vumbi lilale, na kabla ya pikipiki kuanza kupita. Tabaka la kwanza lilizimuliwa sana hata likanywewa lote na mti. Yaliyofuata yalikuwa mazito zaidi, na kati ya moja na jingine tulipitisha msasa laini. Kwa baridi ile kila tabaka lilidai siku mbili. Ndani hatukupaka vanishi, maana harufu yake ingehamia kwenye nguo. Tulisugua nta ya nyuki tu, mpaka sanduku likanukia kama mzinga.

Shaba ilikuwa wazo lake tangu mwanzo. Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910 kwa sababu ya shaba, na karne nyingi kabla ya mji, wahunzi wa Katanga waliiyeyusha na kuimimina katika kalibu zenye umbo la msalaba, misalaba ambayo ilitumika kama fedha na hata katika mahari. Alitaka bamba la tundu la ufunguo liwe na umbo hilo. Tulikata bamba kutoka kwenye kipande chakavu, na kila lilipokuwa gumu kwa kupigwa nyundo, tulilitia katika makaa ya moto mpaka likawa jekundu, tukalizamisha majini, nalo likalainika tena. Lilisuguliwa kwa ndimu na chumvi, na nakumbuka dada yake akisimama nyuma yetu, akiona uso wake ndani ya msalaba ule, akisema, «Yaya,» yaani kaka, «sasa naolewa kweli.»

Siku ya kulipeleka sanduku la bibi harusi tulilifunga juu ya mkokoteni, tukalifunika shuka jeupe kwa ajili ya vumbi, na hilo shuka ndilo lililotuponza. Kutoka Katuba hadi kupita Kenya njia nzima ilitunyamazia. Wanaume walivua kofia, vijana waliokuwa wakiziba mipira ya pikipiki waliinuka, na mwanamke mmoja aliweka chini beseni lake la mihogo akaanza kulia kwa niaba yetu. Rafiki yangu alisimamisha mkokoteni, akalivua shuka, akainua kifuniko na kumwonyesha bikwembe vilivyokunjwa. Mwanamke alinyamaza, akachungulia, akapiga vigelegele vikali kuliko kilio chake, kisha akatuomba kitu kidogo cha kinywaji.

Sanduku la mama yangu lilikuwa na vibao vilevile na gundi ileile. Rafiki yangu aliniambia siku ileile ya kitambaa kwamba nalo lingepasuka, lakini mama alikuwa amekwisha kuchoka kungoja. Wiki hiyohiyo alituma wadogo zangu wakalichukua na kulijaza. Oktoba lilipasuka. Tulikwenda sote wawili na bisibisi, naye alitukaribisha, akatupa chai, akaketi juu ya sanduku.

«Papa,» aliniambia, kama mama zetu wanavyowaita wana wao, «nguo zangu zimekwisha kulala humo. Msiziamshe.»

Bado liko chumbani kwake, na pembe yangu ya kwanza, ile ya kunguni, imeelekea ukutani. Nikienda kumwamkia hupitisha kidole kwenye kifuniko kabla sijaketi. Oktoba ukucha wangu unaingia, Januari hauingii.