Nilikuwa Kirumba

Wiki jana binti yangu alileta kazi ya shule: muulize mzazi wako alikuwa wapi siku bomu lilipolipuka Nairobi. Nikamwambia nilikuwa Mwanza. Akaandika "hakuwepo", akafunga daftari. Hakukosea, ila limenikaa vibaya.

Ijumaa ile ya 7 Agosti 1998 nilikuwa nimefuata dagaa Kirumba, soko la samaki la Mwanza kando ya ziwa. Ya mzigo na forodha tuyaache. Habari zilifika mwaloni vipande vipande: kwanza Dar es Salaam, ubalozi wa Marekani, kisha mtu akasema na Nairobi pia, na jengo la Ufundi pale jirani limeporomoka lote. Kaka yangu alikuwa akifanya kazi ng'ambo ya barabara tu. Nilikwenda kupiga simu, laini hazishiki. Nikarudi gesti.

Mama mwenye gesti, Mhaya wa makamo, alikuwa ameitoa redio uani na kuiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa. Wapangaji wote tukaizunguka kusikiliza BBC. Akanisogezea kigoda. Nilitegemea aniambie Mungu ni mwema, kama walivyoniambia wengine tangu mchana. Aliniuliza, "Mwanangu, kaka yako leo kavaa viatu gani?"

Nikamwambia sijui, mama.

"Ukipata simu, waulize nyumbani. Viatu, na meno kama ana pengo. Sura usiitegemee."

Alisema hivyo huku anachambua mchele, bila kunitazama. Meli ya MV Bukoba ilikuwa imezama Mei 1996, safari imebaki kidogo tu kufika Mwanza, na mdogo wake alikuwamo. Alimtafuta kwa viatu. Hakujua kama alizikwa kule Igoma pamoja na wale wasiotambuliwa au bado yumo ziwani. Hayo nilikuja kuambiwa na msichana wa jikoni. Jioni ile nilimwona mama wa watu hana roho. Nikampa pole ya Dar, kwa adabu tu. Akajibu, "Asante. Zenu ni nyingi zaidi," kana kwamba tunagawana mzigo. Hesabu ilipokuja kutulia ilikuwa 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam.

Laini ilishika Jumapili. Swali la kwanza lililonitoka lilikuwa la viatu. Mama yangu akanyamaza, kisha akauliza kama nimelewa. Kaka alikuwa hospitali ya Kenyatta, hai. Aliposikia kishindo cha kwanza alikimbilia dirishani kuchungulia, kama walivyofanya watu wengi siku ile, na bomu lenyewe likamkuta hapo kiooni. Jicho la kushoto halikuokolewa.

Mama mwenye gesti nilimwambia amepatikana, mzima. La jicho sikulitaja. Sijui kwa nini. Pengine niliona aibu kumlilia jicho moja mtu kama yule.