Jumuiya inajua nani hajapika leo

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Jana asubuhi jumuiya yetu, yaani majirani Wakatoliki tunaosali pamoja, ilisali nyumbani kwa mama mmoja aliyetoka hospitali. Tulisoma Luka 10, Msamaria Mwema, tukashirikishana, kisha mwenyekiti akauliza: wiki hii nani atachota maji, nani atafua, nani atawapeleka watoto shule? Mikono ikainuka kabla hajamaliza kusema. Baba mmoja, fundi seremala, aliona mlango wa choo umelegea bawaba, akaahidi kurudi jioni. Na alirudi. Jirani Mwislamu alikuwa ameshapika uji kabla sisi hatujafika, tukamshukuru Mungu kwa ajili yake pia.

Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1976 waliweka mkazo kwenye jumuiya ndogondogo za Kikristo, na mimi naona waliona mbali sana. Parokia yenye maelfu ya waumini itajuaje kwamba fulani leo hajawasha jiko? Majirani wanaosali pamoja wanajua.

Ndiyo maana huwa naumia nikisikia mtu anaikumbuka jumuiya siku anapotafuta sahihi ya ubatizo wa mtoto au ya ndoa. Njoo hata usipokuwa na haja ya karatasi yoyote. Njoo ujulikane, uwajue wenzako, uwaombee kwa majina yao.

Jumamosi ijayo ni zamu ya kwetu, saa kumi na mbili na nusu, tunaanza na rozari. Chai ya tangawizi itakuwepo. Karibuni sana.